Uliza Ujibiwe: Waliijuaje?

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita tuliweka ukurasa mmoja wa mambo mafupi mafupi ya ajabu, nusu ya angani na nusu ya uvumbuzi wa watu wa kale, na tangu gazeti litoke meseji hazijakatika. Wengi mmeandika "duh" na "haiwezekani", sawa kabisa, hata mimi niliposoma mara ya kwanza nilisema hivyohivyo. Ila nilizozipenda kuliko zote ni zile zinazouliza "sasa waliijuaje?" maana hilo ndo swali lenyewe, ukiambiwa jambo bila kuambiwa lilivyopatikana utashangaa leo na kesho kutwa umelisahau. Kwa hiyo leo nimechagua hizo.

Anko shikamoo. Mlisema sayari ya Zuhura siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake mzima. Nimewasomea wenzangu kijiweni tumebishana mpaka abiria wakapanda bajaji, mmoja anasema mmekosea kuchapa. Hivi siku itakuaje ndefu kuliko mwaka wakati mwaka si ndo umejaa masiku ndani yake?
*Bodaboda, Majengo*

Marahaba kijana wangu. Hatujakosea kuchapa. Siku ni sayari kujizungusha yenyewe mara moja, mwaka ni sayari kulizunguka jua mara moja, haya ni mambo mawili tofauti na hakuna sheria inayosema la kwanza lazima liwe fupi, sisi tumezoea tu kwa sababu duniani ndo liko hivyo. Zuhura inajizungusha taratibu mno, inatumia siku 243 za kwetu, wakati kulizunguka jua inatumia siku 225 tu. Na inajizungusha kinyume na dunia, yaani ungesimama pale jua lingekuchomozea magharibi na kuzama mashariki.

Ila huyo mbishi wenu naye ana hoja yake msimzomee. Ukihesabu siku kwa namna ya jua kuchomoza mpaka lichomoze tena, Zuhura inatumia kama siku 117 za kwetu, kwa sababu huku inajizungusha kinyume na huku inasogea kulizunguka jua. Kwa hesabu hiyo mwaka wake unabeba karibu siku mbili. Mmebishana wote mko sahihi, inategemea unaanza kuhesabu wapi.

Waliijuaje? Hapo ndo patamu, maana Zuhura imefunikwa mawingu mazito muda wote, ukiiangalia kwa darubini huoni mlima wala bonde la kukusaidia kujua inazunguka vipi. Miaka ya 1960 wanasayansi walituma mawimbi ya rada kutoka hapa duniani, yakapenya mawingu, yakagonga ardhi ya Zuhura yakarudi, na kwa jinsi mawimbi yalivyobadilika kidogo yaliporudi wakajua upande gani unakuja kwetu na upande gani unaenda mbali. Kugusa ardhi yenyewe walitangulia Wasovieti, chombo chao cha Venera 7 kilitua mwaka 1970, na Venera 13 mwaka 1982 kikapiga na picha za rangi kabla ya kuzimika baada ya dakika 127. Joto la pale ni kama nyuzi 465, madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327, na mgandamizo wa hewa ni kama mara 90 ya huku kwetu, sasa hizo dakika 127 mimi naona ni ushujaa mkubwa wa mafundi waliokiunda.

Na msisahau Zuhura mnaiona kila mara, ile "nyota" kali inayowaka upande wa magharibi jua likishazama, au mashariki alfajiri, ndo yenyewe. Anga letu la kiangazi halina mawingu kabisa, ukiwa unampeleka abiria wa mwisho Nala tupia jicho juu.

Assalaam alaykum. Mmeandika kwamba wale wanaokaa kwenye kituo cha angani wanaona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Naomba kujua, Muislamu akiwa kule anaswali mara ngapi? Kila jua likichomoza alfajiri mpya? Na kibla anakipataje? Sio mzaha nauliza kweli.
*Msomaji, Kondoa*

Wa alaykum salaam. Wala sio mzaha, swali hili waliulizana watu wazima na wakakaa nalo kikao. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kiko kama kilomita 400 juu yetu na kinakimbia kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kinaizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi, na ukigawanya saa 24 unapata mizunguko karibu 16, kila mzunguko na macheo yake na machweo yake.

Muislamu wa kwanza kwenda angani alikuwa mwanamfalme wa Saudi Arabia, Sultan bin Salman, mwaka 1985. Lakini aliyekwenda kwenye hiki kituo Oktoba 2007 ni daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, na safari yake ikaangukia Ramadhani. Baraza la fatwa la Malaysia likaandaa mwongozo kabisa kwa ajili yake. Swala zikabaki tano ndani ya saa 24, na saa zake zinafuata zile za mahali roketi iliporukia, yaani Baikonur kule Kazakhstan. Kibla anajitahidi kadiri anavyoweza, kwanza kuielekea Kaaba yenyewe, akishindwa basi uelekeo wa juu yake, akishindwa aelekee dunia, akishindwa popote. Na funga ana ruhusa ya kuilipa akirudi. Mimi nilipousoma huo mwongozo niliguswa sana, watu wamekutana na jambo ambalo halijawahi kutokea, hawakukimbia wala hawakumwambia asiende, wakalitafutia njia.

Na hicho kituo unaweza kukiona hukohuko Kondoa bila darubini. Ukiona muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri kitu kama nyota kinachong'aa kinakatiza anga kwa utulivu dakika nne tano hivi, hakipepesi na hakina taa nyekundu za ndege, kuna uwezekano mkubwa ndo chenyewe, na kuna watu ndani yake wanakunywa chai.

Mambo Anko, niko fomu tatu. Ile kompyuta ya Wagiriki ya miaka 2000 iliyopita mliyoiandika, darasani tumegawanyika, wengine wanasema ni viumbe wa sayari nyingine waliwapa maana watu wa zamani hawakua na umeme sasa kompyuta ya nini. Mi sijaamini ila nikashindwa kuwajibu.
*Mwanafunzi, Kongwa*

Poa kabisa, na umefanya vizuri kutoamini haraka, sasa nakupa cha kuwajibu.

Kifaa kinaitwa cha Antikythera kwa sababu kilipatikana karibu na kisiwa hicho cha Ugiriki, mwaka 1901, ndani ya meli iliyozama zamani za kale ambayo wazamiaji waliokuwa wakitafuta sponji za baharini waliikuta mwaka 1900. Kilitoka kama bonge la kutu. Mwaka 1902 mtaalamu wa mambo ya kale Valerios Stais akaona kwenye bonge lile kuna gia, gia yenye meno, na hapo watu wakachanganyikiwa maana hakuna aliyetegemea gia kama zile kwenye umri ule. Leo kuna vipande 82, na ndani yake gia 30 zimehesabiwa.

Hakina umeme na wala hakikuhitaji, kilikuwa kinazungushwa kwa mkono. Angalia baiskeli yako, gia kubwa ya pedeli ina meno mengi, ya nyuma ina machache, ukizungusha pedeli mara moja tairi linazunguka mara kadhaa, na hizo mara zinatokana na idadi ya meno tu. Wale mafundi walifanya hesabu hiyohiyo kwa ajili ya mbingu. Gia moja ina meno 223. Kwa nini 223? Kwa sababu ikipita miezi 223 ya mwandamo, yaani miaka 18 na siku 11 na kama saa 8, kupatwa kwa jua au mwezi kunajirudia kwa namna ileile. Kujua hilo hakukuhitaji chombo chochote kutoka angani, kulihitaji watu wa kuandika. Watu wa Babeli waliandika kupatwa kwa mwezi na jua kwenye vibao vya udongo kizazi baada ya kizazi, karne kwa karne, mpaka mpangilio ukajitokeza wenyewe.

Usiniamini mimi, pima. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa hapa Tanzania na watu wakafurika Rujewa, Mbarali, kuliona likibaki pete ya moto. Ongeza miaka 18 na siku 11. Utapata 12 Septemba 2034, na siku hiyo jua litapatwa tena kwa pete, ila sio kwetu, ni Amerika ya Kusini, kwa sababu ya zile saa 8 za ziada dunia inakuwa imejizungusha theluthi moja zaidi. Rudi nyuma ya 2016 kwa hesabu ileile, ila toa siku 10 badala ya 11 kwa sababu katikati kuna miaka mirefu mitano, unaangukia 22 Agosti 1998, na siku hiyo jua lilipatwa kwa pete kule Indonesia na Malaysia. Hesabu inayofanya kazi Rujewa ndiyo ileile iliyochongwa kwenye gia ya meno 223 zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mimi kila nikiifikiria hii nywele zinanisimama.

Na la kuwamaliza wabishi wako ni hili, mwaka 2005 mashine ya eksirei yenye uzito wa tani 8 ilipelekwa makumbusho ya Athens kukipiga picha za ndani, yakasomeka maelfu ya herufi. Ni maelekezo ya kutumia kifaa, yameandikwa kwa Kigiriki, na kuna duara dogo la kuonyesha mwaka wa michezo ya Olimpiki. Kiumbe wa sayari nyingine ana shida gani na ratiba ya Olimpiki? Kifaa kilitengenezwa na watu waliokuwa wanajua sikukuu zao ni lini na wanataka kujua jua litapatwa lini.

Kijana wangu, mimi ni mzee wa umri mkubwa, gazeti nasomewa na mjukuu. Kasoma kwamba kisu cha Farao kilitokana na chuma kilichoanguka mbinguni. Nataka kujua, hao waliopima walikata kile kisu au walipimaje? Maana kitu cha marehemu hakikatwi ovyo.
*Mzee, Mpwapwa*

Shikamoo babu. Nashukuru sana, na umeuliza kama mtu aliyewahi kukaa karibu na wafua chuma. Hawakukikata hata kidogo. Kisu hicho kilikutwa kwenye sanda ya Farao Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa na Howard Carter mwaka 1922. Mwaka 2016 wataalamu wa Italia na Misri wakatoa majibu ya kipimo cha miale ya eksirei, wanakimulika kwa juu tu, na kila aina ya madini ikimulikwa inarudisha miale yake ya kipekee, chuma yake, nikeli yake, kobalti yake. Wakakuta nikeli karibu asilimia 11. Chuma kilichochimbwa ardhini na kuyeyushwa na watu wa kale hakifikii kiasi hicho, ila vimondo vya chuma vinafikia.

Na hapa kwetu babu, chuma cha namna hiyo kipo Mbozi, mkoa wa Songwe, kile kimondo kikubwa kina urefu wa kama mita tatu, karibu asilimia 90 ni chuma na nikeli inakaribia asilimia 9. Tena kuna kidogo zaidi ambacho wengi hawakijui, kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, uzito wake gramu 705 tu. Hicho sio cha chuma, ni cha jiwe jeusi, na ni miongoni mwa mawe yaliyobaki na asili ya jua na sayari bila kubadilika sana. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo duniani limepewa herufi ya jina la Ivuna. Mwaka 2020 Wajapani walirudisha gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, inayoitwa Ryugu kwa chombo cha Hayabusa2, walipoupima wakakuta unafanana sana na jiwe la Ivuna. Walisafiri miaka sita kwenda na kurudi, jiwe la ukoo huohuo lilishadondoka kijijini kwetu!

Kingine babu mwambie mjukuu, kuyeyusha chuma nako wazee wa nchi hii waliweza. Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu tanuru za Wahaya, mifereji ya udongo ya kupitishia upepo wa mivuo iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, hewa ikawa inapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wazee wa Kihaya wenyewe ndo waliojenga tanuru upya miaka ya 1970 na kuwaonyesha, kwa kumbukumbu zao.

Kaka samahani, ni kweli kule angani wanakunywa maji yaliyotokana na mkojo? Nimewaambia wateja wakati wanakula mmoja akaacha wali.
*Mama lishe, Sabasaba*

Kweli dada, na jasho, na hata mvuke wa pumzi zao. Kupeleka maji juu ni gharama kubwa mno kwa hiyo kila tone linakusanywa, linachujwa na kusafishwa, na mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, walitangaza wamefikia kuokoa asilimia 98 ya maji. Yanatoka masafi kuliko maji mengi ya bombani. Mtu yeyote wa Dodoma aliyewahi kupanga foleni ya ndoo anaelewa kwa nini wanahangaika hivyo. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa jiko, chumvi na pilipili manga kule ni ya maji maji, ikiwa ya unga inaelea mpaka machoni, na mkate wanakula ule bapa kama chapati kwa sababu ya makombo.

Broo ile mashine ya kale ya kuweka sarafu ikatoa maji, mbona kama fiksi.
*Mwanachuo, Ng'ong'ona*

Sio fiksi. Ni ya Heron, mvumbuzi wa Alexandria kule Misri, karne ya kwanza baada ya Kristo, maelezo yake yapo. Sarafu inadondokea kwenye kisahani, kisahani kinashuka na kuinua kizibo, maji matakatifu ya hekaluni yanatoka, sarafu ikiteleza kizibo kinarudi. Lengo ni mtu asichote maji kuliko alicholipa. Huyohuyo alieleza tufe linalozungushwa na mvuke.

Mwalimu wa shule ya msingi hapa. Mlituambia kuna mtu alipima ukubwa wa dunia kwa kivuli cha fimbo. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wananisumbua kila siku wanataka kujaribu. Inawezekana hapa Dodoma?
*Mwalimu, Nkuhungu*

Mwalimu, barua yako imenifurahisha kuliko zote na jibu ni ndiyo, tena Dodoma ni mahali pazuri mno kwa kazi hii.

Aliyefanya ni Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, kama mwaka 240 kabla ya Kristo. Alisikia kwamba mji wa Syene, leo Aswan, siku moja kwa mwaka saa sita mchana jua linaangaza mpaka chini ya kisima, yaani liko utosini kabisa. Siku hiyohiyo Alexandria vitu vilikuwa na kivuli, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara. Basi akazidisha umbali wa miji hiyo miwili mara 50, akapata mzingo wa dunia nzima.

Sisi jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka. Kwa Dodoma mjini ni tarehe 4 au 5 Machi, kama saa 6 na dakika 48 mchana, na tarehe 8 au 9 Oktoba, kama saa 6 na dakika 24. Machi mawingu yanaweza kuwaharibia, Oktoba ndo wenu. Simamisheni fimbo iliyonyooka, pimeni kwa kamba yenye jiwe isiegemee popote, muone kivuli kinavyojikusanya kwenye shina mpaka kinaisha. Wapeni watoto dakika kama 20 kabla wawe wanaweka alama ya ncha ya kivuli kila dakika mbili.

Sasa tafuta mwalimu mwenzako Arusha. Siku hiyohiyo naye asimamishe fimbo ya mita moja juu ya ardhi, apime kivuli pale kinapokuwa kifupi kuliko wakati wote, itakuwa dakika chache kabla yenu. Atapata kama sentimita 4.9, kinaelekea kaskazini. Hakuna haja ya trigonometria, duara lenye nusu kipenyo cha mita moja lina mzingo wa sentimita 628, watoto wanaijua hiyo. Gawanya 628 kwa 4.9 unapata kama 128. Umbali wa kwenda kaskazini moja kwa moja kati ya Dodoma na Arusha, sio wa barabara, ni kama kilomita 310, mpime kwenye ramani wenyewe. Zidisha na 128 inakuja kilomita 39,680, na mzingo wa dunia kupitia ncha za kaskazini na kusini ni kama 40,008.

Angalizo moja, milimita mbili tu za kukosea kivuli zinawatupa zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo kama mnaweza tumieni fimbo za mita mbili huku na huku, kivuli kitakuwa mara mbili na mzingo wa duara lenu uwe 1,257. Na huyo wa Arusha awe na kiwanja tambarare. Mkimaliza tutumieni vipimo vyote, hata vilivyokataa, pamoja na saa mliyopima, tutavichapa toleo la Novemba.